Je, Kisichokuwapo ni Kitu?

Katika karne za mwanzo za Uislamu, maulamaa wa elimu ya kalam waliokaa Basra na Baghdad walishindana juu ya swali ambalo mtu mwenye shughuli zake angeliona kuwa ni mchezo wa watu waliokosa kazi: je, kisichokuwapo ni kitu? Muutazila, hasa wale wa Basra, walijibu kwamba naam, maadumu, yaani kile ambacho bado hakijapata wujudi, ni kitu, maana Mwenyezi Mungu hukijua kabla ya kukiumba, na kinachojulikana hakikosi kuwa kitu; tena, walisema, ile amri ya kuumba, inayokiambia kitu kiwe nacho kikawa, itaelekezwa kwa nani ikiwa hapana hata wa kuambiwa? Ashaariya waliwakatalia katakata. Kwao kitu ni kilichopo na kilichopo ndicho kitu, na mtu asemaye kwamba vitu vilikuwa vitu kabla ya kuumbwa amebakiza hatua moja tu afike kusema kwamba vilikuwako pamoja na Muumba wao tangu azali, neno ambalo hapana Mwislamu wa kulimeza. Shahrastani, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1153, ameieleza khitilafu hii kwa urefu, naye anamtaja Shahham, mmoja wa Muutazila wa Basra, kuwa ndiye aliyeizusha kauli ya kwamba maadumu ni kitu.

Wengi wanaoyasoma mabishano hayo leo huyahesabu kuwa ni ya kale yasiyo na faida. Mimi nayaona mapya kabisa, kwa sababu swali lile lile linaulizwa na kujibiwa kila siku, mara zisizo na idadi, ndani ya kompyuta zinazoendesha benki, hospitali, meli na simu zetu. Na la kustaajabisha ni kwamba mashine mbili zilizowekwa juu ya meza moja, zikipewa programu moja yenye herufi zile zile, zaweza kulijibu kwa majibu yanayopingana, moja ikakisoma kisichokuwapo kana kwamba kimeandikwa, na ya pili ikaiua papo hapo programu iliyothubutu kukiendea.

Ili asiyekuwa fundi aifuate hoja, kumbukumbu ya kompyuta yaweza kufananishwa na safu ndefu ya masanduku ya posta, kila moja na namba yake, na kielekezi ni ile namba ya S.L.P. iliyoandikwa juu ya bahasha: haimchukui mtu mwenyewe, inatoa habari tu ya mahali pa kumpata. Programu kubwa huwa na vielekezi kwa maelfu, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupeana namba ya sanduku kuliko kulibeba sanduku zima. Sasa, mteja aliyesajiliwa akiwa hana mdhamini, mwandishi wa programu ataandika namba gani mahali pa mdhamini? Hawezi kupaacha bila ya kitu, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine haina mahali patupu. Kila mahali pana namba fulani, na ikiwa si ya maana basi ni masalio ya kazi iliyopita. Ndipo ilipolazimu kuteuliwa namba moja ya kumaanisha kwamba hapa hapana mtu, na aghalabu namba hiyo ikawa sifuri. Hicho ndicho kielekezi kitupu. Kosa hutokea pale ambapo programu, pasipo kutazama, inapoipeleka barua kwenye namba hiyo kama inavyozipeleka nyingine zote.

Anayetajwa kuwa aliliingiza jambo hili katika lugha za kuandikia programu ni Charles Antony Richard Hoare, Mwingereza aliyezaliwa Colombo mwaka 1934, naye hakuanzia katika hesabu: alisoma Oxford lugha na falsafa ya Wayunani na Warumi, kwa hivyo sidhani kwamba lilikuwa geni kwake jina la Parmenides wa Elea, yule mzee aliyewaonya watu wasiishike njia ya kisichokuwapo kwa kuwa hakijulikani wala hakitajiki. Mwaka 1965, alipokuwa akishughulika na lugha ya ALGOL W pamoja na Niklaus Wirth wa Uswisi, alitaka kila kielekezi kiwe salama, kikikaguliwa na kompaila, yaani ile programu inayofasiri maandishi ya mwandishi yakawa amri za mashine. Lakini alishindwa kujizuia kukiingiza kielekezi kitupu, kwa sababu tu kilikuwa chepesi kuundwa. Mwaka 2009, akiwa mzee na amekwisha kupata Tuzo ya Turing na heshima nyingi za fani yake, alisimama mbele ya mkutano mjini London akaliita jambo hilo kosa lake la dola bilioni moja. Naona alijihukumu kwa ukali uliopita kiasi. Kukitaja kisichokuwapo hakuna dhambi. Hatuwezi kusema kwamba fulani hana ndugu pasipo kumtaja ndugu asiyekuwapo. Taksiri ilikuwa katika kukivika kisichokuwapo vazi lile lile la kilichopo, hata anayevipokea asiweze kuvipambanua ila baada ya kwisha kunyosha mkono.

Lugha iliyolieneza jambo hili duniani ni ile ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko New Jersey mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sheria yake juu ya kielekezi kitupu, kama ilivyothibitishwa katika kanuni ya Marekani ya mwaka 1989, ni fupi, na kwa mtu apendaye falsafa ni ya ajabu. Inasema kwamba kielekezi kitupu hakilingani kamwe na kielekezi cha kitu kilichopo. Inasema kwamba mwandishi ataweza kukiandika kwa sifuri. Na juu ya mtu atakayekifuata, haitoi hukumu yoyote. Haisemi ataadhibiwa, wala haisemi atasamehewa. Lolote laweza kutokea, na lolote litakalotokea halitakuwa kinyume cha sheria. Hata hiyo sifuri yenyewe ni ya maandishi tu, kwani zilikuwako mashine, zile za Prime mathalan, na baadhi ya zile za Honeywell-Bull, ambazo ndani yake utupu uliwekwa kwa namba nyingine kabisa, na kompaila ikawa na kazi ya kuigeuza sifuri ya mwandishi kuwa utupu unaotambulika na mashine.

Sheria inaponyamaza, desturi ya nchi hushika hukumu, na nchi za kompyuta ni mifumo yake ya uendeshaji. Mwaka 1973 mfumo wa UNIX uliandikwa upya kwa C, na mwaka 1977 ukahamishwa kutoka mashine za PDP-11 kwenda za Interdata, huko Wollongong, Australia, na katika maabara za Bell zenyewe. Tangu hapo likaenea tumaini kwamba programu njema yaweza kuhama kutoka nchi hata nchi bila ya kubadili dini yake. Tumaini hilo lilijaribiwa na sifuri. Katika kompyuta za VAX zilizoendeshwa na UNIX ya Berkeley, anwani ya sifuri ilikuwa wazi kusomwa, na ndani yake mlikuwa na sifuri. Kwa hivyo programu iliyouliza jina la mtu asiyekuwapo ilijibiwa kwa jina lisilo na herufi hata moja, ikaridhika, ikaendelea na kazi yake. VAX hiyo hiyo ikiendeshwa na mfumo wa VMS, mlango huo ulikuwa umefungwa. Watu waliandika programu kwa miaka chini ya desturi ya Berkeley na wakazihesabu kuwa sahihi, kwa kuwa zilifanya kazi. Kisha zikaja kompyuta za Sun, ambazo zilikataza kuguswa kwa ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu, na programu zilizokuwa na sifa njema zikaanza kuanguka. Ni wepesi wa mwanadamu, katika hali hiyo, kuilaumu nchi mpya.

Kila nchi ilikuwa na yake. AIX ya IBM iliruhusu kusoma katika anwani ya sifuri na ikakataza kuandika. HP-UX ilimwachia mwenye programu achague wakati wa kuiunganisha: herufi Z kubwa iliruhusu kisichokuwapo kisomwe, na z ndogo ilizuia. Solaris, iliyorithi ukali wa Sun, iliweka kando maktaba ndogo yenye jina lisilotamkika, 0@0.so.1, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kuujaza ukurasa wa sifuri kwa sifuri, ili programu za kale zilizozoea upole wa VAX zisife. Watu wa fikihi wangeiita rukhsa ya dharura, na kama rukhsa nyingi, ilikaa muda mrefu kuliko dharura yenyewe. Lakini msiba mkubwa ulikuwa katika MS-DOS. Pale, katika baiti 1,024 za kwanza za kumbukumbu, ndipo ilipokaa orodha ya anwani 256 ambazo mashine huzitegemea kila kibodi inapobonyezwa na kila saa yake ya ndani inapopiga. Anwani ya sifuri, badala ya kuwa mahali pasipo na kitu, ilikuwa mahali nyeti kuliko pote, na aliyepotea akaandika hapo aliweza kuinyamazisha kompyuta nzima. Kompaila za Borland ziliweka alama mwanzoni mwa eneo la data la programu, kisha programu ilipomaliza kazi ziliitazama alama hiyo, na zilipoikuta imebadilika ziliandika kwenye kioo kwamba kielekezi kitupu kimeandikiwa. Hukumu ilitoka baada ya mambo kwisha, pasipo kumtaja mkosaji wala mstari alipokosea.

Liko jaribio dogo ambalo laonyesha khitilafu hii bila ya maelezo mengi. Mwandishi wa C ataka kuchapisha neno Mpendwa, kisha jina la mteja, na kielekezi cha jina kikawa kitupu. Kwenye Linux, kwa adabu ya maktaba yake ya GNU, karatasi itatoka imeandikwa Mpendwa (null), na barua itatumwa kwa mteja ikiwa na herufi hizo nne ndani ya mabano. Kwenye Solaris programu itaanguka na barua haitatoka. Ni yupi kati ya hawa wawili aliye mwema?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi. Mtetezi wa upole atasema kwamba mashine inayoendesha kazi ya haja haiwezi kuruhusiwa kufa kwa sababu ya jina moja lililokosekana, na kwamba mola mwema husamehe. Naye hakukosa hoja, kwani pako mahali ambapo kuanguka kwa programu ni hatari kuliko jibu lenye dosari. Ila tuangalie ni nini kilichosamehewa. Programu iliyouliza habari za asiyekuwapo na ikajibiwa sifuri haikusamehewa, imedanganywa, na imedanganywa kwa namna ambayo haitajua. Itaichukua ile sifuri na kuijumlisha katika hesabu, itaiandika katika daftari, itaipeleka kwa programu nyingine isiyojua asili yake, na siku ya kuhesabiana hapatakuwa na mtu wa kuweza kusema uongo uliingilia wapi. Dini yetu imesifu kuisitiri aibu ya mtu, lakini haikumruhusu muhtasibu wa soko kuusitiri upungufu wa mizani, maana sitara ya kwanza inamhifadhi mja na ya pili inawala wanunuzi. Mfumo unaojibu mahali pasipo na jibu ni wa aina hii ya pili, na ninaona ule unaoiangusha programu papo hapo, kwa ukali wake wote, una amana zaidi.

Tena liko swali la programu iliyofanya kazi miaka mingi kwenye VAX na ikaanguka siku ya kuhamia Sun. Ilikuwa sahihi ikaharibika, au ilikuwa batili tangu siku ya kuandikwa na ubatili wake haukuonekana? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, mtu akiswali pasipo kujua wala kuchunguza kwamba wakati umeingia, kisha ikadhihiri kwamba ulikuwa umeingia kweli, sala yake haikusihi na imempasa kuirudia. Amepatia, lakini amepatia kwa bahati, na bahati si ibada. Hukumu hiyo ilipata kunionekea ngumu. Nilipoitazama kwa jicho la mtu anayehamisha programu, niliona kwamba hapana hukumu nyingine inayowezekana, kwa kuwa kisichosimama ila kwa upole wa nchi moja hakina miguu yake chenyewe, na usahihi wake ulikuwa mali ya nchi ile.

Henry Spencer, wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliwatungia waandishi wa C amri kumi kwa mtindo wa Taurati. Ya pili inakataza kukifuata kielekezi kitupu, na ya kumi inaamuru kuukana uzushi wa wale wanaodai kwamba kila kompyuta duniani ni VAX. Watu huzisoma wakicheka, na nadhani ndivyo alivyokusudia, lakini hiyo ya kumi yastahili kusomwa na mtu wa dini kwa uso mkavu, maana uzushi unaotajwa ni ule wa kuifanya ada ya mji wako kuwa sharia ya Mungu. Urfu ya watu wa mji huzingatiwa katika mauzo yao na vipimo vyao, lakini haiwafungi watu wa mji wa pili, na kadhi anayehamishwa kutoka pwani kwenda bara hana budi kuuliza upya mambo ambayo kwao hayakuwa yakiulizwa.

Hadi hapa nimesema juu ya mashine na mifumo yake. Ipo pia hadithi ya kweli iliyotokea mwezi wa Julai, mwaka 2009, ambayo ndani yake kompaila yenyewe iligeuka mwanafalsafa, na matokeo yakawa mabaya. Katika kiini cha mfumo wa Linux mna sehemu iitwayo tun, ambayo huiwezesha programu kujifanya kadi ya mtandao. Mwandishi wa sehemu hiyo alipokea kielekezi. Katika mstari wa kwanza alikifuata na kuchukua habari iliyokuwa ndani yake. Katika mstari uliofuata akauliza kama kielekezi hicho ni kitupu, ili kikiwa kitupu arudishe habari ya kosa na kuacha kazi. Mpangilio huo ulikuwa wa kinyume, kama kila mtu aonavyo, lakini swali lilikuwamo, na swali lililochelewa ni bora kuliko swali lisiloulizwa. Kompaila ya GNU haikuona hivyo. Ilipofika kwenye swali ilijadili hivi: sheria ya C haitambui kukifuata kielekezi kitupu, mwandishi huyu amekwisha kukifuata kielekezi hiki, kwa hivyo kielekezi hiki si kitupu, kwa hivyo swali lake ni la bure, basi na lifutwe. Na likafutwa. Kwa kuwa wakati ule, katika hali fulani, mtumiaji wa kawaida aliweza kuujaza ukurasa wa sifuri kwa maandishi yake mwenyewe, mtafiti mmoja wa usalama alidhihirisha kwamba kwa njia hiyo mtu asiye na cheo angeweza kuitawala kompyuta nzima. Wenye Linux wakaanza kukiunda kiini chao kwa amri mahsusi inayoikataza kompaila kuyafuta maswali ya namna hiyo.

Nimeitafakari hoja ya kompaila mara nyingi, na kila nikiitafakari naiona haina ufa katika mantiki yake. Ilikichukua kitendo cha mtu kuwa ni ikirari yake: umemwendea, basi umekiri kuwa yupo, na aliyekwisha kukiri haulizwi tena. Makadhi na mawakili wanaijua hoja hiyo, nayo huwafunga watu mahakamani kila siku. Ila mwandishi hakukiri chochote. Alikosea mpangilio tu, na swali lake la pili lilikuwa ushahidi ulio wazi kwamba alikuwa na shaka. Kompaila iliusikiliza mstari wa kwanza ikaufanya kuwa itikadi, ikausikia wa pili ikaufanya kuwa upuuzi. Nadhani maulamaa wa kalam wangeitambua tabia hiyo upesi, maana si mara moja wala mbili mtu alilazimishwa itikadi asiyokuwa nayo kwa sababu ilitolewa, kwa mantiki safi, katika neno alilolisema pasipo kulipima.

Dawa iliyopatikana ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Lugha za jamaa ya ML, zilizoanzia kwa Robin Milner na wenzake huko Edinburgh, zilishika njia ambayo baadaye imefuatwa na Haskell, Swift ya mwaka 2014 na Rust, iliyotolewa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Katika lugha hizi mdhamini ni aina moja, na huenda-mdhamini ni aina ya pili, na hapana namna ya kumwandikia barua huenda-mdhamini; kompaila itakataa mpaka mwandishi aeleze atafanya nini akiwapo na atafanya nini asipokuwapo. Nikilitazama jambo hili kwa macho ya wale wa Basra, naona kwamba kutokuwapo kumehesabiwa kuwa ni jambo la kujulikana, lenye jina na mahali pake katika maarifa, kama walivyotaka Muutazila. Na bado halikuruhusiwa kukaa katika safu ya vitu vilivyopo, kama walivyoshikilia Ashaariya. Sidai kwamba nimewapatanisha. Ashaari mwenyewe, lau angelikuwapo, angeniambia kwamba suala lao lilikuwa la uumbaji na langu ni la uandishi, nami ningenyamaza kwa adabu.

Isitoshe, dawa hiyo haijaenea kila mahali, wala haivuki mipaka yote. Mifumo ya uendeshaji huzungumza na programu kwa C, na Rust au Swift inapoomba faili au dirisha kutoka kwa mfumo, jibu laja kwa lugha ya kale, na utupu waja nalo. Tarehe 12 Juni 2025 huduma za Google Cloud zilianguka katika sehemu nyingi za dunia kwa saa kadhaa, kwa sababu kanuni mpya iliyoingizwa katika hifadhi yake ilikuwa na nafasi zilizoachwa wazi, na programu iliyoisoma haikuwa imefundishwa kuuliza kama nafasi ina kitu; kanuni hiyo ilienea duniani kote kwa sekunde chache, na kielekezi kitupu kikaenea nayo.

Lakini yaliyonigusa zaidi ni yale yanayotokea pale ambapo mashine haianguki. Tarehe isiyokuwapo, ikiandikwa kwa sifuri, kila mfumo huifasiri kwa mwanzo wa hesabu yake: UNIX huisoma kuwa tarehe 1 Januari 1970, Windows huihesabu kutoka tarehe 1 Januari 1601, na Macintosh ya zamani kutoka tarehe 1 Januari 1904. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akiiona ile ya UNIX katika simu yake ataambiwa kwamba jambo lilitukia saa tisa za usiku, kwa kuwa sisi tumetangulia saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, na mashine kwa unyofu wake imeiongeza hata hiyo. Utupu mmoja umepata siku tatu za kuzaliwa, na moja imetengenezewa hadi saa.

Wanadamu nao wanatendewa vivyo hivyo. Wako wakimbizi wengi waliopita katika makambi ya Afrika Mashariki, Dadaab na Kakuma miongoni mwao, wakahamia Marekani, ambao karatasi zao zasema wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wengi hawakuzaliwa siku hiyo. Waliulizwa tarehe, wakajibu kwa ukweli kwamba hawaijui, na fomu haikuwa na mahali pa kuuandika ukweli huo. Karani akaandika iliyo karibu, na tangu siku ile umri wa shule wa mtoto na umri wa pensheni wa mzee ukahesabiwa kutoka katika jambo ambalo halikutokea. Katika viza za Marekani, mtu mwenye jina moja tu huandikiwa FNU mahali pa jina la kwanza, kifupisho cha kueleza kwamba jina hilo halijulikani, na wako wanaoitwa Fnu kazini na hospitalini kana kwamba wazee wao ndio waliowapa jina hilo. Kisichokuwapo kimefanywa kitu, kikapewa mshahara na kitambulisho, ilhali mtu aliyekuwapo, mwenye jina moja zuri alilopewa na nyanya yake, ameonekana kuwa ndiye mwenye upungufu.

Edgar Codd, ambaye mwaka 1970 aliweka misingi ya hifadhi za data zinazotumiwa na karibu kila ofisi leo, alipendekeza katika maandishi yake ya baadaye kwamba utupu ugawanywe mara mbili: ule wa habari iliyoko lakini haijulikani, na ule wa habari isiyomhusu mtu kabisa. Lugha ya SQL, iliyotawala, ilichukua utupu mmoja tu. Kwa hivyo nawaomba wenzangu wanaounda mifumo ya kusajili vizazi, ardhi, wagonjwa na wanafunzi katika nchi zetu waitazame kila fomu wanayoitunga, na mahali palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa, jina la baba au namba ya nyumba, waweke pia nafasi mbili za kutiwa alama, moja ya haijulikani na nyingine ya haihusiki, na waizuie programu yao isiendelee mbele mpaka imeelezwa itafanya nini na kila moja. Kazi hiyo haizidi siku chache kwa fomu moja, na karani hatalazimika tena kumtungia mzee siku ya kuzaliwa.